Mashua Kuukuu ya Mama Mjane

Sisi wa Kilembwe hatukuzaliwa majini. Kwetu ni milima, mashamba ya mihogo, na njia ya matope iendayo Fizi. Mtoto wa kwetu huzoea jembe kabla hajashika kasia. Hata hivyo ni jamaa chache za Lulenge zisizo na ndugu kando ya Ziwa Tanganyika, na kila mara mavuno yakiuzwa vizuri husikika barazani neno lile lile: "Tununue mashua huko Baraka, ituletee faida." Wasomaji wapenzi, sisi tumelifanya jambo hilo mara mbili. Mara ya kwanza tulipoteza fedha zote, na karibu tupoteze watu. Mara ya pili tulipata mashua njema kwa bei ndogo, na habari ya bei hiyo ndiyo iliyotutia kalamu mkononi.

Tu ndugu watatu: kaka yetu mkubwa, akaaye Ubwari, dada yetu, auzaye chumvi na vitenge huko Fizi, na mwandishi wa maneno haya, mwalimu wa shule. Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu tulivushwa ziwa usiku, tungali watoto, tumelazwa chini chomboni kama magunia, mpaka upande wa Kigoma, tukakaa kambini Nyarugusu. Miaka mingi baadaye tukarudi kwa njia ile ile ya maji. Sisi wawili tulipanda milimani kwa furaha, lakini kaka yetu hakupanda. Alisema ziwa lilimwokoa, naye hataliacha. Basi kazi yake ni kuvua, na kuvusha unga wa mihogo na mawese kutoka vijiji vya Ubwari mpaka soko la Baraka.

Chombo cha kwanza tulikinunua miaka sita iliyopita. Kilikuwa kimepakwa rangi ya buluu na nyeupe, kinang'aa juani kama sahani mpya, na nyuma yake imefungwa injini ya nguvu za farasi 15. Tulikizunguka mara mbili, tukakipiga ubavuni kwa kiganja kama watu wanunuao ng'ombe, tukaridhika. Fundi hatukumwita, kwa maana fundi hutaka posho. Tukatoa dola 1,400, ndizo fedha zetu zote za likelemba tulizoweka kwa miaka mitatu.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, kaka yetu alitoka na mwanawe wa miaka 12, akapita Rasi ya Banza, akaingia ziwa kuu. Huko kulivuma upepo wa kusini. Ziwa letu limelala kusini na kaskazini, urefu wake ni kama kilomita 670, na upepo huo ukilipata lote mbele yake huinua mawimbi ambayo mtu wa milimani hawezi kuyasadiki. Ubao mmoja ulio karibu na mkuku ukaachana na mwenzake. Maji yakaingia kwa wingi kuliko yalivyoweza kutolewa. Chombo kikapinduka. Baba na mtoto wakashika madumu matupu ya petroli, wakaelea hivyo tangu adhuhuri hata wavuvi wa ndagala, waliokuwa wakitoka jioni na taa zao, walipowaona. Injini ilikwenda chini. Ziwa Tanganyika lafika kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi. Aliyeangusha injini humo asijisumbue kuitafuta.

Mbao zenyewe zilitupwa pwani siku ya tatu, na hapo ndipo tulipoiona kweli. Chini ya lami na rangi, mkuku ulikuwa laini kama muhogo uliochemshwa. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu hata kubaki myembamba kama sindano. Tulipomkuta yule aliyetuuzia alisema neno moja tu: "Nani aliwakataza kuangalia?" Tulimchukia sana kwa jibu hilo, wala hatukuweza kulijibu.

Kaka yetu akawa kibarua katika mashua za wengine, akilipwa fungu la samaki. Ilitupasa kungoja mpaka tulipopata tena dola 600, na safari hii tulimtafuta fundi kwanza, mashua baadaye. Tulimpata mzee mmoja wa Ubwari, mwunda vyombo tangu ujana wake, aliyekubali kuja kwa kuku mmoja na dola kumi. Kwa bei hiyo tulipewa elimu ambayo hatukuipata katika vitabu vyetu vyote.

Neno la kwanza hakutazama mashua hata moja. Aliketi chini, akamwuliza kaka yetu: "Mwanangu, utakwenda wapi na wapi? Utachukua nini? Nani watakuwa pamoja nawe?" Kaka akajibu kwamba atavuka kati ya Ubwari na Baraka, na magunia kumi, na watu watatu. "Basi injini ya nini?" akasema mzee. "Injini ndiyo iliyokupeleka nje ya rasi."

Wasioyajua mahali hapo wafahamu hivi. Ubwari ni rasi ndefu iliyoshikana na nchi kavu upande wa kusini, ncha yake inaelekea kaskazini. Kati yake na bara ipo ghuba iitwayo kwa jina la Burton, na Baraka iko ng'ambo, upande wa bara. Burton mwenyewe, alipopita mwaka 1858, alidhani Ubwari ni kisiwa. Rasi hiyo huikinga ghuba na mawimbi mengi ya ziwa kuu. Ndani yake mtu mwenye tanga na subira huweza kufanya kazi siku nyingi za mwaka, kwa kuwa upepo una desturi yake: usiku hata alfajiri hushuka kutoka milimani, mchana hugeuka ukatoka ziwani. Petroli hununuliwa kila siku, upepo haununuliwi. Kweli tanga huchelewa, na siku nyingine hapana upepo kabisa, ikabidi kupiga makasia mpaka mikono iote malengelenge. Mzee hakutuficha hayo. Alisema tu kwamba mwenye dola 600 akinunua injini atakuwa hana mashua, na akinunua mashua kubwa atakuwa hana kamba.

Hapo twaomba ruhusa ya kucheka kidogo, kwa sababu si maskini wa Fizi tu waliosumbuliwa na chombo cha tanga katika ziwa hili. Huyo Burton na mwenzake Speke walipofika Ujiji mwaka ule wa 1858 walitaka jahazi la kulizunguka ziwa. Speke akavuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya magharibi, ili kumwomba mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, awakodishe jahazi lake. Alirudi mikono mitupu, na sikio moja bovu juu yake, kwa kuwa mdudu alikuwa amemwingia sikioni njiani. Mwishowe mabwana hao wakapanda mitumbwi ya kawaida mpaka Uvira, wakilowa kama watu wengine.

Basi tukashuka pwani. Chombo cha kwanza kilikuwa kikubwa, na bei yake ndogo ajabu. Kaka yetu macho yakamtoka. Mzee akauliza: "Watu wangapi watakivuta nchi kavu jioni?" Tukahesabu, tukaona wanane. "Wanane hao utawalisha kila jioni?" Tukaondoka. Twaona hili ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Chombo kikubwa na kikuukuu huuzwa rahisi kwa sababu mwenyewe amechoka kukilisha, nacho hudai mbao nyingi zaidi, kamba nene zaidi, na watu zaidi kila siku.

Cha pili kilinukia lami mbichi. Mzee hakukikaribia hata kidogo. "Amepaka jana, anauza leo," akasema, akapita.

Cha tatu kilikuwa chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa, na tangu siku hiyo mashua haikushuka majini. Haikuwa na rangi yo yote. Mbao zake zilikuwa za kijivu kama majivu, majani makavu yamejaa ndani, na kuku wawili wanatagia karibu na shetri. Urefu wake hatua nane. Sisi, kama tungalikuwa peke yetu, tusingalisimama.

Mzee aliingiza kichwa ndani akanusa. Akatuita nasi tunuse. "Harufu ya samaki si kitu. Harufu ya uyoga ndiyo mbaya." Akatoa majani yote, akaondoa mbao za kukanyagia, akafungua kisu chake kidogo. Hakukichoma kila mahali kwa kubahatisha. Alikwenda pale mlingoti unapokaa juu ya mkuku. Pale kila taruma linapokutana na mkuku. Nyuma, kwenye mti wa usukani. Na ubavuni, katika mstari ule ambao maji hufika na kuondoka. Alitueleza sababu. Ubao uliozama daima hauozi upesi, wala ubao mkavu daima hauozi. Uozao ni ule ulowao na kukauka, ukalowa tena, hasa kwa maji ya mvua yaliyotuama pembeni pasipo hewa. Kwa hiyo kisu kitafute pembe. Kikiingia kama katika mkate, nenda zako. Kikigonga na kurudi, endelea.

Kiligonga na kurudi. Mahali pamoja tu, karibu na gubeti, kiliingia kiasi cha ukucha, na mzee akasema ubao huo mmoja utabadilishwa.

Kisha akatazama misumari. Panapo msumari wa chuma kitupu unaokufa, ubao huota jicho jeusi kuuzunguka, na jicho hilo likiwa kubwa ubao wenyewe umeanza kuungua kwa kutu. Macho yalikuwapo, lakini madogo, na misumari ya upande mmoja ilikuwa mipya, ya chuma kilichopakwa madini meupe yazuiayo kutu. Marehemu alikuwa ameanza kuibadilisha. Mzee akainyamazia kazi hiyo muda mrefu, kama mtu asomaye barua. Alituambia pia kwamba huko pwani ya Bahari ya Hindi yuko mdudu wa majini atoboaye mbao kama mchwa, hata mabaharia hupaka chini ya majahazi yao shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ziwani kwetu mdudu huyo hayuko. Ila nasi hatuna chumvi majini, ambayo husaidia kuuhifadhi ubao. Kila maji na adui wake.

Tuliuliza kama mashua hiyo si nzee mno. Mzee akacheka, akatukumbusha Liemba. Meli hiyo ya Wajerumani, waliyoiita kwanza Graf von Götzen, iliteremshwa majini Kigoma mwaka 1915. Mwaka 1916, walipokimbia, wenyewe waliizamisha, lakini mafundi wake walikuwa wameipaka mitambo mafuta mazito kabla ya kuiacha. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya maji, mwaka 1927 ikaanza kazi tena, na baada ya mwaka 2000 ilikuwa ingali ikichukua abiria. "Msiniulize umri," akasema mzee. "Niulizeni nani aliitunza."

Ndipo likaja jaribio ambalo twawasihi wasomaji walishike hata wakisahau mengine yote. Mashua iliyokaa juani muda mrefu hukauka, mbao zikasinyaa, nafasi kati yake zikafunguka. Ukiitia majini itavuja, hata kama ni nzima. Mnunuzi mjinga huona maji akakimbia. Mnunuzi mjinga wa namna nyingine huona chombo kikavu kilichozibwa kwa lami, akakinunua, kama sisi. Mzee akatuamuru tuishushe jioni, tuifunge penye maji machache, tupige alama ya mkaa ndani kila asubuhi maji yalipofika, kisha tuyatoe yote na kungoja tena. Maji yakipungua usiku wa pili, mbao zinavimba na kushikana. Yasipopungua, pamba ya kuzibia imekufa au kuna jambo baya zaidi.

Tulilala pwani usiku mbili pamoja na mbu wote wa Baraka. Asubuhi ya kwanza maji yalifika nusu ya muundi wa mguu, na kaka yetu hakula. Asubuhi ya pili yalikuwa kina cha vidole vinne. Mzee akatia kidole, akakitazama, akasema: "Inakunywa vizuri."

Sasa twafika kwenye bei. Mama mjane alikuwa ametaka dola 400, hakuongeza wala hakupunguza. Usiku ule wa pili mzee alituita kando, akatunong'oneza kwamba mkuku na mataruma yote ni mvule, na kwamba mnunuzi mwenye macho angetoa 600, pengine zaidi. Hesabu yetu ilikuwa imekaa vizuri mno: 400 za mashua, na 200 za ubao mmoja, pamba, misumari, kamba, nanga, tanga, na maboya mawili ya kuvaa mwilini. Tena 200 hizo si anasa. Theluthi ya fedha sharti ibaki mfukoni siku ya kununua chombo kikuukuu, la sivyo chombo kitakaa pwani kikikutazama.

Kaka yetu akasema: "Sisi tulipouziwa uozo, nani alituhurumia?" Dada yetu, kwa simu, akasema: "Bei ameitaja mwenyewe." Na sisi tuliosomeshwa seminari, tulifanya nini? Twaona haya kuandika. Tulikumbuka masomo yetu juu ya haki katika kununua na kuuza, tukayapekua usiku kucha, tukitafuta ndani yake mlango wa kutokea. Tukaupata pia. Mwenye mali ni mtu mzima, hakushurutishwa, hakudanganywa kwa neno lo lote, kwa kuwa hatukusema neno lo lote. Alfajiri tulikuwa tumeridhika.

Karatasi ya mauzo ikaandikwa mbele ya mkubwa wa mtaa na mashahidi wawili, tena tulihakikisha kwamba ndugu za marehemu wamekubali, maana mashua nyingi huuzwa na mtu mmoja zikadaiwa na watano. Mama akapokea fedha, akaanza kuzihesabu. Mzee wetu, aliyekuwa ameketi juu ya kasia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, nani alikukadiria bei?"

"Shemeji yangu, Baba. Alisema ni kuni tu, nishukuru kama nitapata mia nne."

"Mama, si kuni."

Hakuna aliyesema. Kaka yetu alitazama miguu yake. Mama akazishika zile fedha bila kuzihesabu tena, akatugeukia sisi, si mzee, akauliza: "Mwalimu, ulijua?"

Tulisema ndiyo. Hilo moja tulilisema.

Karatasi ikachanwa, ikaandikwa nyingine: dola 550, yaani 400 siku ile, na 150 kwa mafungu ndani ya miezi kumi na miwili, tena mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 16, awe mtu wa tatu katika mashua, apate fungu lake kama wengine. Sharti hilo la kijana lilitoka kwa mama mwenyewe, na kwa kweli ndilo lililotufaa kuliko yote, kwa kuwa kijana alikuwa ameshaifahamu mashua ya baba yake kuliko sisi sote. Lakini siku ile kaka yetu hakuona hivyo. Alikataa kula pamoja na mzee hata jioni, na njiani alituambia kwamba tumelipa kuku na dola kumi ili tupandishiwe bei.

Fedha zilizobaki zilibidi zitoshe bila akiba, kwa sababu kila faida itakayopatikana ilikwisha kuahidiwa. Tanga lilishonwa kwa magunia ya nailoni yaliyofumuliwa, mishono miwili miwili. Ni baya kutazama, lakini lashika upepo. Nanga ni jiwe lililofungwa katika fremu ya miti. Boya la kuvaa tulinunua moja tu badala ya mawili, na sheria ni kwamba huvaliwa na aliye mdogo kuliko wote chomboni. Kwenye makasia na pamba hatukubana. Mpaka leo tumelipa dola 110, zimebaki 40, na kaka yetu hajapita Rasi ya Banza.

Noeli iliyopita tulishuka kutoka Kilembwe kwenda kuiona. Mzee naye alikuja, kwa miguu, akiwa na fimbo. Hakutusalimu kwanza. Aliinama juu ya ubavu wa mashua, akaingiza kichwa ndani, akanusa, akakaa hivyo kitambo, huku kaka yetu amesimama nyuma yake kama mwanafunzi angojaye alama. Kisha akainuka.

"Mmeacha maji ya mvua pale mbele," akasema.

Kaka yetu akachukua kata, akaingia chomboni, akaanza kuyatoa.